Likizo ya wiki 14, hasara ya mwaka: kinachomkwamisha mama mwanasayansi katika vyuo vyetu

Chukua asistanti wa kilimo (mwalimu wa ngazi ya kwanza chuoni) mjini Lubumbashi, hapa Kongo, ambaye daktari amemkadiria kujifungua tarehe 20 Januari. Akihesabu wiki 6 nyuma, likizo yake inaanza tarehe 9 Desemba. Akihesabu wiki 8 mbele, anarudi kazini tarehe 17 Machi. Kwenye faili la chuo ametoka kwa siku 98, basi. Shambani mambo ni mengine. Mahindi ya majaribio hupandwa mvua zikishakolea, mwisho wa Novemba au Desemba, na huvunwa Aprili hivi. Anapoondoka, miche ndiyo kwanza inachomoza. Anaporudi, mabua yanaanza kukauka. Palizi, mbolea ya pili, kupima urefu, kukata majani ya kupeleka maabara, kuandika tarehe ya kutoa maua: vyote vimempita. Na Katanga haina mvua za pili za kujaribia tena mwaka uleule. Atasubiri Novemba nyingine.

Mandati ya asistanti, yaani kipindi cha uteuzi wake, ni miaka 2. Siku 98 zimemla nusu nzima.

Kwa mwanajiolojia hesabu inageuka, kwa sababu yeye huenda porini wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, barabara zinapopitika. Mtoto wa Juni anamfutia msimu wa kazi ya uwanjani, mtoto wa Januari hamgusi sana. Mwanahisabati anaweza kupoteza wiki 14 zilezile zilizoandikwa, pengine na chache zaidi. Kwa hiyo mjadala wa likizo ya uzazi kwa walimu wa sayansi ukiishia kwenye idadi ya wiki, umeishia mlangoni. Wiki ziko kwenye sheria. Kinachofungua pengo kati ya mama na baba walioanza uasistanti siku moja ni mambo manne ambayo sheria ya likizo haiyagusi au inayagusa kwa ncha ya kidole: hesabu ya miaka ya kupanda cheo, kozi zinazomngojea mama arudi, usalama wa maabara, na siku za baba.

Nani anakutawala

Swali la "nina haki ya wiki ngapi?" halijibiki kabla ya kujua mwajiri wako ni nani na maandishi gani yanakutawala. Katika labo moja wanaweza kukaa wanawake watatu walio chini ya taratibu tatu.

Wa kwanza ni mtumishi wa chuo cha serikali, kama UNILU hapa Lubumbashi, UNIGOM kule Goma au Université Officielle de Bukavu. Huyu anatawaliwa na sheria namba 18/038 ya tarehe 29 Desemba 2018, inayohusu hadhi ya watumishi wa elimu ya juu, vyuo vikuu na utafiti wa kisayansi. Wa pili ana mkataba na chuo binafsi au cha kanisa. Kwake inatumika Code du travail (sheria ya kazi), yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Code yenyewe, tangu kifungu cha kwanza, inawaweka kando watumishi wa kudumu wa elimu ya taifa, kwa hiyo mtu wa serikali anayemtajia doyeni (mkuu wa kitivo) vifungu vya Code anagonga mlango usio wake. Wa tatu anaishi kwa bursi ya doktora inayolipwa na mfuko wa nje. Hana mkataba wa kazi, na mara nyingi mwajiri hana pia. Kinachohesabika kwake ni karatasi ya bursi peke yake: kama haitaji uzazi, hana likizo, ana huruma ya promota wake tu, anayesimamia tasnifu yake.

Njia rahisi ya kujua ulipo ni kusoma juu ya hati yako ya uteuzi, pale penye mistari ya "Vu la loi" (kwa kuzingatia sheria). Sheria zilizotajwa hapo ndizo utakazozinukuu katika barua yako, na si zile ulizosikia kwa rafiki anayefanya kazi benki.

Code inasema hivi kwa walio chini yake: mama anasimamisha kazi wiki 14 mfululizo, 6 kabla ya kujifungua na zisizozidi 8 baada yake, mtoto awe hai au la. Analipwa theluthi mbili za ujira na kubakiziwa mafao ya mkataba yasiyo ya fedha, na mwajiri haruhusiwi kuvunja mkataba katika kipindi hicho. Wiki 14 na malipo ya theluthi mbili ndicho kiwango cha chini kabisa katika Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2000. Pendekezo namba 191 la mwaka huohuo linataka wiki 18. Kwa jirani, Kenya inatoa miezi 3, Tanzania siku 84. Kongo haiko nyuma ya majirani kwa wiki, na anayepiga kelele kwamba tatizo letu ni ufupi wa likizo anaangalia pasipovuja.

Mahali panapoleta ugomvi ni lile neno "zisizozidi 8". Mama anayefanya kazi mpaka siku ya uchungu akidhani atazihamishia wiki 6 za mwanzo kwenye siku za mtoto anaweza kuambiwa na mkuu wa watumishi kwamba wiki hizo zimepotea. Mwajiri mwingine anakubali zihamishwe. Kwa kuwa maandishi yanampa nguvu anayekataa, makubaliano ya kuzihamisha yawe ya maandishi na yapatikane kabla ya wiki ya 34 ya mimba, maana hapo ndipo likizo inapoanza kuhesabiwa.

Fedha

Theluthi mbili zinasikika vizuri mpaka uzipige hesabu. Mwalimu wa chuo binafsi anayelipwa dola 900 kwa mwezi anabaki na 600. Wiki 14 ni miezi 3 na robo hivi, kwa hiyo familia inakosa karibu dola 970, tena katika miezi ya kliniki, nepi na wageni. Ndiyo maana wengine hurudi wiki ya nne baada ya kujifungua, na doyeni anawasifu kwa moyo wao wa kazi. Moyo gani? Ni kodi ya nyumba.

Katika vyuo vya serikali mambo yamefumwa zaidi. Mapato ya mwalimu huwa na vipande: mshahara na primu (nyongeza za mshahara) zinazotoka Kinshasa, primu ya chuo inayotokana na ada za wanafunzi, fedha za saa za ziada, za kusimamia TFC na memwari (kazi za wanafunzi za kumaliza masomo), za kukaa kwenye jury (kamati ya kupima), na kozi za wageni anazokwenda kufundisha Likasi au Kolwezi. Likizo inalinda kipande cha kwanza. Vingine vyote vimefungwa kwenye kuonekana kwako darasani, vinakatika kimyakimya, na hakuna anayeviita adhabu. Kisha kuna wale walioteuliwa lakini hawajawa "mekanize", hawajaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Hao wanaishi kwa primu ya chuo tu, na wakikatiwa hiyo, likizo yao haina malipo hata faranga moja, lolote liandikwalo na sheria. Asistanti wapya wengi wako katika kundi hili, na umri wa asistanti mpya ndio huohuo wa kuzaa.

Kwa walio chini ya Code kuna hoja yenye nguvu ambayo watu hawaitumii: tafsiri ya ujira katika Code inahesabu primu ndani. Zinazoachwa nje ni vitu kama usafiri, nyumba na matibabu. Kwa hiyo theluthi mbili zihesabiwe juu ya mshahara pamoja na primu za kawaida, na si juu ya mshahara mtupu. Leta karatasi za malipo za miezi ya nyuma kuonyesha kwamba primu hiyo hulipwa kila mwezi.

Kozi inayokungojea

"Mama Prof iko mu konje (yuko likizoni), kozi itangoja." Sentensi hiyo ya shefu wa departementi inasikika kama wema, na humo ndimo mzigo unapofichwa.

Kozi zetu nyingi hutolewa kwa mkupuo: saa 45 au 60 zinamalizwa kwa wiki mbili tatu, asubuhi mpaka jioni. Mama akiwa likizoni, ratiba inasogezwa. Hakuna anayechukua saa zake, zinasukumwa mbele tu. Akirudi tarehe 17 Machi anazikuta kozi mbili zimesimama mlangoni, TP (mazoezi ya vitendo) za wanafunzi waliokwisha kulipa, karatasi za mitihani, na memwari tano zinazotakiwa kutetewa kabla ya Julai. Wiki 14 za kazi amezifanya zote, ila amezifanya akiwa na mtoto wa miezi miwili na usingizi wa saa nne. Likizo ya namna hiyo ni kuahirisha, na kinacholipa kuahirishwa huko ni utafiti, kwa sababu wanafunzi wana sauti na makala ya kisayansi haina. Kozi ikichelewa, watagoma. Makala ikichelewa, hakuna atakayejua, mpaka siku ya kuhesabu.

Dawa yake ni ya kiutawala na haigharimu sana: baraza la departementi likae kabla ya likizo na kugawa saa. Kugawa maana yake jina la mtu mwingine liandikwe mbele ya kozi katika orodha ya ugawaji wa mzigo wa ufundishaji, naye alipwe saa hizo. Palipoandikwa "kusogezwa", hakujagawiwa kitu. Mahali pengine mwenzako atakubali kushika kozi kwa sharti kwamba utamrudishia mwaka ujao. Hilo nalo likatae ikiwezekana: ni mkopo, na riba yake utailipa mwaka ambao mtoto anaanza kutembea.

Hesabu ya miaka ya cheo

Asistanti, CT (Chef de Travaux), Professeur Associé, Professeur, Professeur Ordinaire. Kila ngazi ina miaka yake na makala zake. Makala zikikosekana mandati ikiisha, asistanti anaweza kurudishwa nyuma au kubaki palepale huku wenzake wakipanda. Likizo ya uzazi inalinda mshahara usikatike na mkataba usivunjwe, lakini miaka ya mandati inaendelea kukimbia kama vile mama hakutoka.

Tunajua kutokana na utafiti wa wenzetu kwamba pengo hili halitokani na wanawake kuwa na bidii ndogo. Mwaka 2021 jarida la Science Advances lilichapisha uchambuzi wa walimu 3,064 wa vyuo vya Marekani na Kanada, wa kompyuta, biashara na historia. Watafiti waligundua kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya idadi ya makala kati ya wanawake na wanaume inaelezwa na uzazi, kwa kuwa akina mama hushuka baada ya mtoto kuja na akina baba kwa wastani hawashuki. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2019 katika jarida la PNAS, wa Marekani pia, uliwafuata wanasayansi na wahandisi baada ya mtoto wa kwanza: asilimia 43 ya akina mama waliacha kazi ya muda wote katika fani hizo, na asilimia 23 ya akina baba. Soma namba ya pili kwa makini. Karibu baba mmoja kati ya wanne naye alitoka.

Basi je, suluhisho si kuongeza tu mwaka mmoja kwa kila mzazi? Vyuo vingi vya Marekani vilifanya hivyo: mwalimu akipata mtoto, mama au baba, hesabu ya miaka ya kupata ajira ya kudumu inasimama mwaka mmoja. Wachumi watatu, Antecol, Bedard na Stearns, walipima matokeo katika idara 50 bora za uchumi na kuchapisha mwaka 2018. Wanaume walipata ajira ya kudumu kwa wingi kuliko zamani, na wanawake kwa uchache kuliko zamani. Kipimo kilekile kwa wote kilizidisha pengo. Sababu haihitaji elimu ya uchumi: mama aliutumia mwaka wa nyongeza kunyonyesha na kupona, baba aliutumia kuandika makala. Ilipofika siku ya kulinganishwa, faili la baba lilikuwa nene zaidi, na kiwango kikapanda kwa wote.

Baraza la Utafiti la Ulaya (ERC) limechukua njia ya kati. Kwa mama, muda wa kustahili kuomba ufadhili unaongezwa miezi 18 kwa kila mtoto, bila kumdai aonyeshe alichukua likizo ya siku ngapi. Kwa baba, unaongezwa muda ule tu ambao kweli alikaa likizo, kwa ushahidi wa karatasi. Hii inatufaa kuliko ile ya Marekani, na tofauti yake ndiyo ya kukaziwa macho: nyongeza ya mama inatoka yenyewe. Panapotakiwa barua ya maombi, mwanamke anayeogopa kuonekana dhaifu mbele ya komite haandiki. Anayeandika anajibiwa baada ya mandati kuisha.

Maabara na mimba changa

Hapa ndipo sayansi inapotofautiana na sheria au fasihi, na ndipo pia viongozi hukosea kwa pande zote mbili: ama wanamfukuza mjamzito labo "kwa usalama wake", ama wanamwacha humo bila kubadilisha kitu.

Viungo vya mtoto huanza kujengwa kati ya wiki ya 3 na ya 8 tangu mimba itunge. Katika wiki hizo wanawake wengi hawajajua, na waliojua hawajamwambia mtu. Kwa hiyo utaratibu wowote unaoanza pale mama anapopeleka cheti cha daktari umechelewa kwa hatari kubwa zaidi. Labo inapaswa kuwa salama kwa kila mtu kila siku, na tangazo la mimba lilete nyongeza tu juu ya hapo.

Tazama kazi ya kawaida kabisa ya Lubumbashi: kuyeyusha unga wa madini ya shaba na kobalti ili kupima metali. Sampuli inasagwa, na vumbi lake linaweza kuwa na risasi, kadmiamu, hata urani katika baadhi ya miamba yetu. Kisha inachemshwa katika mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki sehemu 3 na asidi ya nitriki sehemu 1, ndani ya hoti inayonyonya mvuke. Umeme wa SNEL ukikatika, feni ya hoti inasimama lakini asidi ya moto haisimami kutoa mvuke. Katika labo nyingi jenereta inawasha kompyuta na taa, na feni ya hoti haikuunganishwa. Hilo ni la kurekebisha kwanza, kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua ya kumhamisha. La pili ni kusaga: sampuli zisagwe chumba tofauti, meza zifutwe kwa kitambaa chenye maji na si kwa ufagio, na koti la labo lisivuke geti kwenda kufuliwa nyumbani.

Hilo la koti linawahusu akina baba pia. Mwaka 2020 watafiti wa UNILU na wenzao wa Ubelgiji walichapisha katika The Lancet Planetary Health uchunguzi uliofanyika hapahapa Lubumbashi kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile. Kilichojitokeza kwa nguvu kuliko vyote ni kazi ya baba migodini. Kwa mwanajiolojia au mkemia mwanaume anayesaga miamba, kinga ya vumbi ni jambo la uzazi kwake kama ilivyo kwa mke wake.

Mimba ikishatangazwa, nyongeza ni hizi. Mwenye mimba aache benzini, formalini, zebaki, klorofomu na kusaga sampuli zenye risasi. Kazi ya vyanzo vya mionzi ipangwe ili mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki, ambacho ni kiwango kinachotumika kimataifa. Asibebe magaloni ya lita 20. Anachopewa badala yake kiwe kazi yenye jina kwenye makala: kuchambua takwimu, kusahihisha mfumo wa vipimo, kuandika. Akihamishiwa kupanga madaftari ya mahudhurio amelindwa mwili na kukatwa miguu, na wakati wa kuhesabu makala hakuna atakayekumbuka kwamba alihamishwa kwa usalama.

Siku 2 za baba

Code inampa mfanyakazi siku 2 za kazi mke wake akijifungua. Siku 2 zinatosha kutoka hospitali na kununua kuku. Tanzania inatoa 3, Kenya wiki 2. Uswidi inatoa siku 480 kwa wazazi wote wawili, na 90 kati yake ni za kila mmoja peke yake: asipozitumia, zinakufa.

Sehemu hiyo ya "zinakufa" ndiyo inayofanya kazi. Siku zinazoweza kuhamishwa kati ya wazazi huishia kwa mama, kwa kuwa mshahara wa baba mara nyingi ni mkubwa na shangazi hawatamwelewa akikaa nyumbani. Hapa kwetu kuna ugumu mwingine: mtoto mchanga huja na bibi, wadogo zake mama na majirani, na baba anahesabiwa kama mtu wa kutafuta fedha. Lakini bibi anamsaidia mama kumwogesha mtoto, hamsaidii kumaliza TP. Wiki mbili au tatu za baba zichukuliwe mama anaporudi kazini, si wiki ya kujifungua ambapo nyumba imejaa watu. Ndipo tunapozihitaji, na chuo kinaweza kuziruhusu kwa uamuzi wa ndani, hasa mwalimu asipokuwa na kozi ya mkupuo katika wiki hizo.

Maziwa

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, yaani wiki 26 hivi. Mama anarudi kazini wiki ya 8. Zinabaki wiki 18 za kutafuta namna. Code inatoa mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kunyonyesha, yanayolipwa kama saa za kazi. Anayekaa Ruashi au Katuba na kufundisha kampasi ya Kasapa hawezi kwenda na kurudi kwa nusu saa, hata taksibasi ikimngoja. Zinazotumika kweli ni mbili: kuunganisha nusu saa hizo na kutoka mapema saa moja, au mlezi kumleta mtoto kampasi na chumba kikapatikana.

Chumba hicho kinahitaji kiti, komeo la ndani, maji na sabuni. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 ndani ya friji. Friji ya labo, hata ionekane tupu namna gani, haifai: ilikwisha kuhifadhi reajenti. Na kwa sababu ya umeme, chukua boksi la baridi lenye barafu, usitegemee friji ya ofisi.

Karatasi, kwa mpangilio wake

Cheti cha daktari chenye tarehe ya makadirio kitoke mapema, mwezi wa sita wa mimba hivi. Barua inapitia kwa shefu wa departementi kwenda kwa doyeni, nakala kwa sekretari mkuu wa masomo na sekretari mkuu wa utawala. Ukiirusha moja kwa moja kwa Rekta itarudishwa na wiki mbili zimekwenda. Kila nakala igongwe muhuri wa mapokezi, ile akize, pamoja na tarehe. Ambatisha ukurasa mmoja wa kozi zako, saa zilizobaki, TP na wanafunzi unaowasimamia, na pendekezo la nani ashike nini.

Jibu la mdomo halitoshi. Siku ya ukaguzi wa watumishi, asiyeonekana na asiye na karatasi anaandikwa ametoroka kazi, na kumrudisha kwenye orodha ya malipo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko likizo yenyewe. Mwachie ndugu au mwenzako nakala ya uamuzi ili aionyeshe. Mtoto akizaliwa, mwandikishe katika komini kabla ya siku 90 kuisha, maana baada ya hapo unahitaji hukumu ya mahakama na hati hiyo ndiyo itakayodaiwa kwenye posho ya familia. Siku ya kurudi, peleka barua ya kuanza tena kazi siku hiyohiyo, igongwe akize pia. Tarehe iliyo kwenye muhuri huo ndiyo inayofunga likizo kwenye faili. Bila hiyo unaweza kufundisha miezi mitatu huku ofisi ya malipo ikikuhesabu bado uko nje.

Kitivo kinaweza kuanza na nini

Kubadilisha sheria ya 2018 ni kazi ya Kinshasa. Baraza la kitivo lina uwezo wa mambo madogo yenye faida kubwa. Kwa yule asistanti wa kilimo, msaada wa kwanza ungekuwa mtu wa kushika msimu: fundi au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayelipwa kwa wiki 14, mwenye daftari la vipimo lililoandikwa na asistanti mwenyewe kabla ya kuondoka, tarehe kwa tarehe, na jina la asistanti likibaki la kwanza kwenye makala. Gharama yake ni ndogo kuliko kupoteza mbegu, mbolea na mwaka. Muhula wa kwanza baada ya kurudi usiwe na kozi mpya; kozi mpya ndiyo inayokula jioni zote.

Na kwenye fomu ya kupanda cheo uongezwe mstari mmoja, juu, kando ya tarehe ya uteuzi: miezi ya likizo ya uzazi ndani ya kipindi kinachopimwa. Ofisi ya watumishi ijaze mstari huo kutoka kwenye faili, asiujaze mwombaji. Jury ipewe kanuni ya kuusoma: makala zigawanywe kwa miezi iliyofanyiwa kazi kweli, na kwa fani za msimu, mtoto mmoja ahesabiwe msimu mmoja. Kwa mandati ya miezi 24, mama huyo amepimwa kwa 12. Makala yake mawili ni sawa na manne ya mwenzake aliyekuwa shambani misimu yote miwili, na katibu wa jury aandike hivyo kwenye ripoti.